PUA IKIUMIA, TUHESABU SAA NA SIKU

Ndugu msomaji, watazame watu wa kijiji chako. Huenda utamwona mtu mwenye pua iliyopinda. Huenda utamwona mwingine ambaye pua yake imebonyea katikati kama tandiko la punda. Waulize waliumiaje. Mmoja atasema alipigwa teke na ng'ombe wakati wa kukamua. Mwingine alianguka kutoka juu ya mwembe. Mwingine aligongana na mwenzake katika mpira. Mwingine alianguka na bodaboda. Na mwingine atakuambia kwa aibu kwamba alipigwa ngumi kilabuni.

Sasa waulize swali la pili: "Je, ulikwenda zahanati?" Wengi watajibu: "Hapana. Ilikuwa pua tu. Damu ilikatika yenyewe."

Maneno hayo, "pua tu," ndiyo tunayotaka kuyazungumza leo. Ni kweli kwamba pua nyingi zilizoumia hupona bila kazi kubwa. Lakini pua chache zina hatari iliyojificha ndani. Hatari hiyo huioni ukimtazama mtu usoni. Utaiona ukitazama ndani ya matundu ya pua kwa tochi. Tena hatari hiyo ina saa zake. Saa hizo zikipita, pua huharibika, na kuitengeneza tena ni kazi kubwa na ya gharama.

Kwa hiyo tujifunze mambo matatu. Kwanza, jinsi ya kumsaidia mtu aliyeumia pua. Pili, jinsi mganga wa zahanati anavyompima. Tatu, ni nani anayetakiwa kupelekwa hospitali kubwa, na lini.

PUA IMEJENGWAJE?

Shika pua yako sasa hivi. Anzia juu, kati ya macho. Hapo utasikia kitu kigumu. Huo ni mfupa. Shuka taratibu kwa kidole. Utafika mahali ambapo ugumu unakwisha. Kuanzia hapo pua inapinda ukiisukuma. Sehemu hiyo si mfupa. Inaitwa gegedu. Sikio lako pia limejengwa kwa gegedu.

Ndani ya pua kuna ukuta unaotenga tundu la kulia na tundu la kushoto. Sehemu ya mbele ya ukuta huo ni gegedu pia. Ukuta huu ni kama nguzo ya katikati ya nyumba. Nguzo ikioza, paa linabonyea. Ukuta wa pua ukioza, pua inabonyea.

Gegedu lina jambo moja la ajabu. Halina mishipa yake ya damu. Linapata chakula chake kutoka katika ngozi nyembamba inayolifunika pande zote mbili. Ngozi hiyo ikibanduka, gegedu linakosa chakula. Likikosa chakula linaanza kufa. Likumbuke jambo hili. Tutalirudia.

KWANZA TUZUIE DAMU

Mtu akiumia pua, mara nyingi damu hutoka. Damu hutisha, hasa ikiwa mgonjwa ni mtoto. Usiogope. Fanya hivi:

1. Mkalishe mgonjwa. Asilale chali.

2. Ainamishe kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesoma gazeti lililo mapajani.

3. Ashike sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Abane matundu yote mawili. Asiubane mfupa. Ikiwa ni mtoto mdogo, mbanie wewe.

4. Apumue kwa mdomo. Damu ikiingia mdomoni aiteme, asiimeze. Damu ikimezwa huleta kichefuchefu na kutapika.

5. Abane kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Tazama saa ya simu. Watu wengi huachia kila baada ya dakika moja ili waone kama damu imekatika. Hilo ni kosa. Ukiachia, damu iliyoanza kuganda inatoka tena.

6. Weka kitambaa safi chenye maji ya baridi juu ya pua na shavu. Hiyo hupunguza uvimbe na maumivu.

Dakika 15 zikipita na damu bado inatoka, bana tena kwa dakika 15 nyingine. Ikiwa bado haijakatika, mpeleke mgonjwa zahanati huku akiendelea kubana. Damu ikitoka kwa nguvu sana tangu mwanzo, msisubiri. Nendeni moja kwa moja.

Angalia: kama mtu ameanguka kutoka juu au amegongwa na chombo, na amezimia au anasema shingo inauma, usimkalishe. Usimvute wala usiigeuze shingo yake. Mtu mmoja amshike kichwa kisitikisike. Kama damu inaingia kooni, watu watatu au wanne mgeuzeni ubavu kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawa, ili damu isimpalie. Kisha tafuteni usafiri haraka.

MAMBO TUSIYAFANYE

Yako mambo ambayo watu hufanya kwa nia njema, lakini yanaumiza.

Tusimwambie mgonjwa ainue kichwa juu. Damu haikatiki kwa kuinua kichwa. Inageuza njia tu na kushuka kooni.

Tusitie majani, majivu, tumbaku wala mavi ya ng'ombe katika pua au katika kidonda. Vitu hivi vina vijidudu. Vinaweza kuleta usaha, na hata pepopunda.

Tusimwache mtu wa kijijini aivute pua ili kuinyosha. Anaweza kuivunja zaidi, au kuanzisha damu iliyokwisha kukatika.

Mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu. Akitaka kupiga chafya, afungue mdomo.

Tusimpe aspirini kwa ajili ya maumivu. Aspirini huzuia damu isigande. Parasetamo inafaa zaidi. Mtoto apewe kwa kipimo cha umri na uzito wake, kama mganga anavyoeleza.

MFANO WA WATOTO WAWILI

Tuchukue mfano ili tuelewe vizuri. Wako watoto wawili, kila mmoja ana miaka 9. Siku moja wamecheza mpira na wamegongana. Kila mmoja ameumia pua. Kila mmoja ametoka damu, na damu imekatika. Jioni wote wawili wamekula na kulala.

Asubuhi mtoto wa kwanza anamwambia mama yake: "Mama, siwezi kupumua kwa pua. Imeziba huku na huku." Mama anawasha tochi ya simu. Anainua ncha ya pua ya mtoto taratibu kwa kidole. Anaona uvimbe mwekundu wenye rangi ya zambarau. Uvimbe umetokea katika ukuta wa kati. Umejaa tundu la kulia na la kushoto. Mama hangoji. Anamchukua mtoto na kwenda zahanati.

Mganga anautazama uvimbe ule. Anaugusa kidogo kwa kijiti chenye pamba safi. Uvimbe ni laini, unabonyea. Mganga anaandika barua. Siku hiyo hiyo mtoto anafika hospitali ya wilaya. Daktari anamtia dawa ya ganzi. Anapasua mahali padogo ndani ya pua na kutoa damu iliyovilia. Kisha anaweka pamba maalumu ndani ya pua ili kuirudisha ngozi mahali pake. Anampa dawa ya kuzuia usaha. Mtoto anarudi nyumbani baada ya siku chache. Pua yake imenyooka.

Mtoto wa pili naye asubuhi anasema pua imeziba. Nyumbani wanasema: "Hayo ni mafua. Yatakwisha." Siku ya pili pua inauma zaidi. Wanasema: "Ni maumivu ya kuumia." Siku ya nne mtoto ana homa. Pua imevimba, inapwita, na hataki kuguswa. Sasa wanampeleka. Hospitalini daktari anatoa usaha badala ya damu. Mtoto anapona homa. Lakini gegedu la ukuta limekwisha kuoza. Baada ya miezi michache pua inabonyea katikati. Usiku mtoto anapumua kwa mdomo. Shuleni wenzake wanamwita kwa jina la pua yake.

Watoto hawa wawili waliumia sawa. Nauli ya kwenda hospitali ilikuwa ile ile. Mmoja alipelekwa baada ya usiku mmoja. Mwingine alipelekwa baada ya siku nne. Hiyo ndiyo tofauti yao.

KWA NINI DAMU ILIYOVILIA NI MBAYA?

Sasa turudie lile jambo la gegedu. Tulisema kwamba gegedu linapata chakula kutoka katika ngozi inayolifunika. Pua ikigongwa, mshipa mdogo unaweza kukatika chini ya ngozi hiyo. Damu inajaa kati ya ngozi na gegedu. Ngozi inabanduka, kama ganda la ukuta linavyobanduka maji yakipita ndani yake. Gegedu linakosa chakula. Katika muda wa saa 24 hivi linaweza kuanza kufa. Siku tatu au nne zikipita, mara nyingi limekwisha kuharibika kabisa.

Tena damu iliyovilia ni chakula kizuri cha vijidudu. Ikikaa, inageuka usaha. Usaha wa pua si jambo dogo. Mishipa ya damu ya pua inaungana na mishipa inayokwenda karibu na ubongo. Vijidudu vinaweza kupita humo na kuhatarisha maisha.

Watoto wako katika hatari zaidi. Pua ya mtoto ina gegedu jingi na mfupa mchache. Mfupa wake unaweza usivunjike, na nje pua ikaonekana haina kitu. Ndani ukuta umejaa damu. Kwa hiyo tusiseme, "Pua haikuvunjika, basi ni salama." Kila mtoto aliyegongwa pua kwa nguvu lazima atazamwe ndani ya pua.

Atazamwe siku ile ile, na atazamwe tena kesho yake na siku ya tatu. Damu hiyo inaweza kuvilia polepole baada ya saa nyingi.

MGANGA ANAPIMAJE?

Watu wengine hawaendi zahanati kwa sababu wanasema: "Pale hakuna eksrei. Watanisaidia nini?" Ndugu, kupima pua hakuhitaji mitambo mikubwa. Kunahitaji macho, vidole, tochi na maswali mazuri. Picha ya eksrei ya pua mara nyingi haibadilishi matibabu. Tena haionyeshi gegedu vizuri, wala haionyeshi damu iliyovilia katika ukuta. Kwa hiyo usimlaumu mganga akikuambia kwamba eksrei haihitajiki. Eksrei au picha kubwa zaidi hutakiwa pale mganga anapohofia kwamba mifupa mingine ya uso au kichwa imevunjika.

Mganga huanza kwa maswali. Yasikilize maswali haya, uyajibu kwa kweli:

"Habari za asubuhi, Daktari?"

"Nzuri, mama. Karibuni mkae. Mtoto ana shida gani?"

"Ameumia pua. Aligongana na mwenzake mpirani."

"Ilikuwa lini?"

"Jana jioni, yapata saa kumi na moja."

"Alizimia, hata kidogo?"

"Hapana."

"Alitapika?"

"Hapana. Alitema damu mara mbili, basi."

"Anapumua kwa matundu yote mawili?"

"Tangu alfajiri anasema yameziba yote."

"Yako maji meupe yanayodondoka puani?"

"Sijayaona."

"Anameza dawa yoyote? Amewahi kuumia pua zamani? Amechanjwa pepopunda?"

Mama ametoa kadi ya mtoto kutoka katika mfuko wake. Amefanya vizuri. Kadi inajibu swali la chanjo.

Baada ya maswali, mganga hutazama. Anamtazama mgonjwa usoni kwa mbele. Kisha anasimama nyuma yake na kuitazama pua kutoka juu, ili aone kama imepinda. Kama uso umevimba sana, anaweza kuuliza kama ipo picha ya zamani ya mgonjwa. Watu wengine wamezaliwa na pua iliyopinda kidogo. Picha ya zamani inaonyesha pua ilivyokuwa kabla ya kuumia.

Kisha mganga hugusa. Anapapasa mfupa wa pua taratibu. Anapapasa mashavu na mifupa inayozunguka macho. Anamwambia mgonjwa aume meno, aone kama yanakutana kama zamani. Anamwambia afuate kidole kwa macho, juu na chini, kulia na kushoto. Anaziba tundu moja la pua na kumwambia avute pumzi kwa tundu la pili.

Mwisho, anawasha tochi na kutazama ndani ya pua. Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Kama mganga ana wagonjwa wengi na amesahau, una haki ya kumwomba kwa heshima: "Daktari, naomba unitazamie ndani ya pua pia."

NANI APELEKWE HOSPITALI SIKU ILE ILE?

Mganga wa zahanati anaweza kutibu watu wengi waliumia pua. Lakini wako ambao atawaandikia rufaa, yaani atawapeleka hospitali kubwa. Mgonjwa aende siku ile ile akiwa na dalili yoyote katika hizi:

Ukuta wa kati wa pua umevimba na ni laini, au pua imeziba na maumivu yanaongezeka.

Damu haikatiki baada ya kubana vizuri mara mbili.

Maji meupe, maangavu kama maji safi, yanadondoka puani, hasa akiinama. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Maana yake ni kwamba mfupa ulio juu ya pua umepasuka. Usizibe pua hiyo kwa pamba. Usitie kitu chochote ndani yake.

Alizimia, au anatapika tena na tena, au ana usingizi usio wa kawaida, au amechanganyikiwa, au kichwa kinamuuma sana.

Anaona vitu viwili viwili, au haoni vizuri, au jicho haligeuki sawasawa.

Meno hayakutani kama zamani, au shavu limekufa ganzi.

Pua imekatika, au kidonda ni kikubwa, au mfupa unaonekana.

Ana homa na pua inapwita siku chache baada ya kuumia.

Mtu mwenye dalili hizi hasubiri soko la Jumamosi. Hasubiri mahindi yauzwe.

NANI ANAWEZA KUSUBIRI?

Wako wagonjwa ambao pua imevunjika au imepinda, lakini hawana dalili hata moja katika zile tulizozitaja. Hawa hawana haraka ya siku ile. Lakini nao wana hesabu yao.

Siku za kwanza uso huwa umevimba. Mtu akivimba hatujui kama pua imepinda kweli au ni uvimbe tu. Mganga atamwambia arudi baada ya siku 3 hadi 5. Uvimbe ukipungua, pua inaonekana ilivyo. Kama imenyooka na anapumua vizuri, basi hahitaji kazi nyingine. Itapona yenyewe. Asicheze mpira wala michezo ya kugongana kwa wiki kadhaa, mpaka mfupa uungane vizuri.

Kama pua imepinda, au anapumua kwa shida, mganga atampa rufaa ili daktari ainyoshe. Hospitali kubwa zina madaktari wa masikio, pua na koo. Kazi hiyo ya kunyosha hufanyika vizuri kabla siku 14 hazijapita tangu kuumia. Kwa mtoto, mifupa huunga haraka zaidi. Yeye afike kabla ya siku 7 hadi 10. Muda huo ukipita, mfupa unaunga vilevile ulivyopinda, kama udongo wa matofali unavyokauka ndani ya kalibu. Baada ya hapo kuinyosha ni lazima kupasua, na pengine kungoja miezi mingi.

BARUA YA RUFAA

Barua ya rufaa ni kinywa cha mganga wa zahanati. Inasema siku na saa ya kuumia, namna mgonjwa alivyoumia, mambo aliyoyaona mganga, na dawa alizompa. Daktari wa hospitali akiisoma haanzi kazi upya. Usiikunje ovyo. Usiitie katika mfuko wenye maji au mafuta.

Na hapa ndipo elimu yako ya kusoma inapofanya kazi, ndugu msomaji. Zamani ulimpelekea mtu mwingine barua akusomee. Leo soma mwenyewe. Tafuta tarehe. Hesabu siku. Andika kwa chaki nyuma ya mlango: "Ameumia tarehe 4. Arudi kwa mganga tarehe 8. Mwisho wa kunyosha pua ni tarehe 18." Kila asubuhi mtu wa nyumba hiyo atauona mlango ule. Shamba na mifugo vinaweza kumsahaulisha mtu hesabu aliyoitia kichwani. Hesabu iliyoandikwa mlangoni haisahauliki.

WALIOPIGWA WASIFICHWE

Pua nyingi huumia kwa ngumi. Wengine wamepigana kilabuni. Wengine ni wanawake waliopigwa nyumbani, au watoto waliopigwa na wakubwa wao. Mara nyingi husema, "Nilianguka," kwa sababu wanaona aibu au wanaogopa.

Mganga mwema humwuliza mgonjwa wa namna hiyo akiwa peke yake. Mgonjwa amwambie kweli. Mganga hana haja ya kumwaibisha. Anataka kujua kama mtu huyo yuko salama akirudi nyumbani, na kama kuna jeraha jingine lililofichwa chini ya nguo.

Hapa Tanzania, mtu aliyepigwa au aliyepata ajali ya barabarani hupewa fomu ya polisi namba 3, inayoitwa PF3. Mganga huijaza, nayo hutumika kama ushahidi. Lakini uhai kwanza. Kama mgonjwa ana hali mbaya, apelekwe kwa mganga moja kwa moja, na ndugu mwingine aende polisi. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto anayeteswa anaweza kusaidiwa pia kwa kupiga simu namba 116, bila malipo.

KIJIJI KIJIANDAE

Ajali haipigi hodi. Kwa hiyo tujiandae kabla. Mkutano wa kijiji unaweza kupanga mambo machache:

Zijulikane namba za simu za zahanati na za mwenye gari au bodaboda anayeaminika. Ziandikwe kwenye mbao za matangazo.

Kila kaya, au kila kikundi cha kuweka na kukopa, iwe na akiba ndogo ya nauli ya mgonjwa. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko gharama ya kupasua pua iliyokwisha kubonyea.

Walimu wa michezo wajue kubana pua na kuinamisha kichwa mbele. Wawaambie wazazi siku ile ile mtoto akiumia.

Dereva wa bodaboda na abiria wake wavae kofia ngumu. Kofia inayofunika uso hulinda pua na meno zaidi.

Ng'ombe mkali afungwe miguu wakati wa kukamuliwa. Watoto wasisimame karibu na mtu anayetwanga au anayepasua kuni.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika pua maneno haya ni kweli kabisa. Damu kidogo iliyovilia ni ufa. Ikitolewa leo, kazi imekwisha. Ikiachwa, ukuta wa pua unaoza.

TUKUMBUKE HESABU HII

Dakika 15: bana pua bila kuachia.

Saa 24: uvimbe wa ndani ya pua uwe umekwisha kuonwa na kutolewa damu.

Siku 3 hadi 5: rudi kwa mganga aitazame pua uvimbe ukipungua.

Siku 7 hadi 10: mwisho wa kunyosha pua ya mtoto.

Siku 14: mwisho wa kunyosha pua ya mtu mzima.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kutenda. Tufanye hivyo hivyo. Someni makala hii kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kisha jibuni maswali haya:

1. Kwa nini mtu anayetoka damu puani haambiwi ainue kichwa juu?

2. Gegedu la pua linapata wapi chakula chake? Damu ikivilia, nini kinatokea?

3. Taja dalili nne za mgonjwa anayetakiwa kupelekwa hospitali siku ile ile.

4. Mtoto ameumia pua tarehe 10, na pua imepinda. Afike kwa daktari wa kunyosha pua kabla ya tarehe gani?

5. Katika kijiji chetu, mtoto akiumia pua usiku wa leo, tutampigia nani simu? Nauli itatoka wapi?

Swali la tano ndilo kubwa. Msiondoke kikaoni kabla ya kulijibu.